Idadi Si Ushahidi: Kompyuta ya Nyumbani na Walinzi Wanaopingana



 

Ndugu zetu wazazi, leo tunasema bila kuzungukazunguka. Katika nyumba zetu nyingi, hapa Buyenzi na mitaa mingine ya Bujumbura, na kwa ndugu zetu wa Kigali, Uvira na Kampala, kompyuta ya familia imekabidhiwa mlinzi ambaye hakuna aliyemuuliza jina lake wala ujira wake. Mlinzi huyo ni ile programu ya kusaka majasusi. Leo moja inasema kompyuta ni safi, kesho nyingine inasema ina vitisho mia tatu, na baba mwenye nyumba anaiamini ile iliyopiga kelele zaidi. Sisi tunasema hilo ni kosa, na si kosa dogo. Idadi inayoandikwa kwenye kioo si ushahidi. Mwenye kuitegemea peke yake ameiweka amana ya nyumba yake mikononi mwa asiyemjua.

Tuelewane kwanza. Programu jasusi ni ile inayoingia ndani ya kompyuta bila idhini ya kweli ya mwenyewe, ikakaa kimya ikikusanya habari zake: tovuti anazotembelea, maneno anayoandika, nywila zake, hata picha za wanawe, kisha ikazipeleka kwa mtu mwingine. Dini yetu haikungoja kompyuta ivumbuliwe ndipo iseme juu ya jambo hili. Surat An-Nur aya ya 27 imetukataza kuingia nyumba za watu bila ya kuomba ruhusa na kutoa salamu. Surat Al-Hujurat aya ya 12 imetukataza kupelelezana. Na aya ya 6 ya sura hiyo hiyo imetuamrisha tukiletewa habari na mtu asiyeaminika tuihakikishe kabla ya kutenda, tusije tukajuta. Aya mbili za mwanzo zinamhusu jasusi. Hii ya mwisho inamhusu mlinzi, maana naye ni mleta habari.

MAJIBU MATATU, KOMPYUTA MOJA

Tuchukue mfano. Kompyuta ni moja, siku ni moja, programu ni tatu. Ya kwanza inasema imepata vitisho 312. Ya pili inasema 9. Ya tatu inasema hakuna kitu. Kuna watakaoiona ya kwanza kuwa ndiyo hodari, na kuna watakaoipenda ya tatu kwa kuwa inawaliwaza. Wote hawa hawajasoma yaliyoandikwa chini ya ile nambari. Tofauti hizi zina sababu zake, na kila mzazi anaweza kuzielewa:

1. Kinachohesabiwa si kitu kimoja. Kuna zile kuki, vifaili vidogo vya maandishi ambavyo tovuti huacha katika kivinjari ili zikukumbuke. Baadhi yake hutumika kukufuatilia kutoka tovuti hadi tovuti, na si vizuri, lakini kuki haifunguki kama programu wala haisomi nyaraka zako. Programu moja huhesabu kila kuki kuwa kitisho, nyingine haizihesabu kabisa. Katika zile 312, mia tatu zaweza kuwa kuki tupu.

2. Namna ya kuhesabu si moja. Jasusi mmoja akiingia huacha faili kadhaa, na huandika mistari kadhaa katika rejista ya Windows. Mlinzi mmoja huhesabu kila alama ya mguu, mwingine humhesabu mwizi mwenyewe. Nyayo ishirini uani si wezi ishirini.

3. Hukumu si moja. Nani anastahili kuitwa jasusi? Mwaka 2005 makampuni na watetezi wa haki za watumiaji walilazimika kukusanyika chini ya umoja ulioitwa Anti-Spyware Coalition ili waandike maana ya neno hilo. Mwaka huo huo Microsoft, katika programu yake ya majaribio ya kupambana na majasusi, ilibadilisha pendekezo lake kuhusu programu za matangazo za kampuni ya Claria: badala ya kumshauri mtumiaji azifungie, ikamshauri azipuuze. Zile programu za matangazo zilikuwa zile zile, na kilichobadilika ni hukumu ya mlinzi.

4. Orodha si za tarehe moja. Mlinzi huwatambua wengi kwa orodha ya alama za wanaojulikana. Programu isiyosasishwa tangu Ramadhani iliyopita haina habari ya waliotengenezwa baada yake. Neno lake "safi" lina maana hii tu: sikumwona yeyote ninayemfahamu.

5. Mlinzi hukosea. Mwezi Februari 2006 programu ile ile ya majaribio ya Microsoft iliitangaza programu ya ulinzi ya Symantec kuwa mwizi wa nywila, mlinzi akamkamata mlinzi mwenzake. Na tarehe 21 Aprili 2010 sasisho la McAfee liliihesabu faili ya halali ya Windows XP, iitwayo svchost.exe, kuwa virusi. Kompyuta nyingi katika nchi mbalimbali zikaanza kujizima na kujiwasha zenyewe. Aliyeona neno "kitisho" siku ile akafuata amri bila kuuliza, aliivunja kompyuta yake kwa mkono wake.

MASHAHIDI WATATU AU MMOJA?

Wapo watakaosema: "Sisi si wajinga, tumeweka programu tatu. Zikikubaliana zote, basi." Hawa wamekaribia lakini hawajafika.

Mwanafunzi wetu wa elimu ya hadithi anajua kwamba wapokezi watatu waliochukua habari kwa mtu mmoja hawahesabiwi kuwa njia tatu. Habari inarudi kwa yule mmoja, na akiwa dhaifu, wingi wa waliomfuata haumtii nguvu. Katika soko la ulinzi wa kompyuta mambo ni hivyo hivyo. Kampuni ya Bitdefender ya Romania hukodisha injini yake ya uchunguzi kwa makampuni mengine, na programu kama G DATA, Emsisoft na eScan zimekuwa zikiitumia pamoja na mbinu zao wenyewe. Hakuna ubaya katika biashara hiyo, wala hawaifichi. Lakini mwenye kuziweka mbili kati ya hizo, akaona zimetaja kitu kimoja kwa jina moja, asidhani amepata mashahidi wawili. Huenda amemsikia shahidi yule yule akisema kwa vinywa viwili.

Na kuna kosa jingine linaloharibu ulinganisho kabisa. Mtu anaendesha programu ya kwanza, inapata vitu tisa, anavifuta. Kisha anaendesha ya pili, nayo haipati kitu. Anasema: "Ya kwanza ni bora, ya pili haina maana." Subhanallah! Umekwisha kumtoa mwizi nje, ndipo unamwita mlinzi wa pili aje amkamate. Unamlaumu kwa lipi?

MLINZI ALIYEUZA HABARI ZA NYUMBA

Sasa tufike kwenye ubaya mkubwa zaidi. Si kila anayevaa sare ya mlinzi ni mlinzi.

Mwaka 2005 tume ya biashara ya serikali ya Marekani, FTC, iliwashitaki wauzaji wa programu iliyoitwa Spyware Assassin. Kwa mujibu wa mashitaka yale, ukaguzi wao wa bure uliwaambia watu kwamba kompyuta zao zina majasusi hata pale ambapo hapakuwa na jasusi yeyote, kisha wakauziwa dawa kwa dola 29.95. Mwaka 2006 Microsoft na jimbo la Washington waliishitaki kampuni ya Secure Computer kwa programu yake Spyware Cleaner, na kabla ya mwaka kwisha kampuni hiyo ilikubali kulipa dola milioni 1. Mwaka 2008 FTC iliwashitaki waliokuwa nyuma ya WinFixer na WinAntivirus, ambao kwa maelezo ya tume hiyo waliwatia hofu watu zaidi ya milioni moja wakanunua programu zisizohitajika. Mwaka 2012 mahakama ikatoa hukumu ya zaidi ya dola milioni 163 katika shauri hilo.

Angalieni njia yao. Wote waliitumia ile ile idadi tunayoipigia makelele leo. Walijua kwamba binadamu akionyeshwa nambari kubwa yenye rangi nyekundu, akili inakimbia na mkono unaingia mfukoni. Laiti watu wangeuliza "taja jina la ulichokipata na mahali kilipo", biashara ile isingepata wateja.

Wala msidhani hayo ni ya matapeli wa vichochoroni tu. Avast ni jina kubwa katika ulinzi wa kompyuta, na wengi wetu tumelitumia kwa kuwa lilikuwa la bure. Mwezi Januari 2020 waandishi wa habari walifichua kwamba kampuni yake tanzu, Jumpshot, ilikuwa ikiuza habari za tovuti wanazotembelea watumiaji. Jumpshot ikafungwa mwezi huo huo. Mwaka 2024 FTC iliitoza Avast dola milioni 16.5 na kuipiga marufuku kuuza habari hizo kwa ajili ya matangazo. Tume ilieleza kwamba habari zilizouzwa ziliweza kuonyesha hata imani ya dini ya mtu na hofu zake za maradhi. Mlinzi aliyewekwa kuzuia ufuatiliaji alikuwa akifuatilia mwenyewe. Na ukaguzi wake usingekuambia "nimepata jasusi, ni mimi".

ANAYEINGIA KWA IDHINI YAKO

Hili la idhini ndilo linalotuuma zaidi, na linatutoa kwenye kompyuta ya mezani hadi kwenye simu, ambayo siku hizi ndiyo kompyuta ya kwanza ya nyumba.

Mwezi Novemba 2020 jarida la mtandaoni la Motherboard liliandika kwamba Muslim Pro, programu ya nyakati za swala na kibla iliyopakuliwa mara zaidi ya milioni 98 duniani, ilikuwa ikipeleka mahali walipo watumiaji kwa kampuni ya X-Mode, ambayo nayo iliwauzia habari makandarasi wa jeshi la Marekani. Wenye Muslim Pro walitangaza kusitisha uhusiano huo. Mwaka 2022 Google iliondoa katika duka lake programu kadhaa, zikiwemo za swala, baada ya watafiti kuonyesha kwamba ndani yake mlikuwa na msimbo wa kampuni nyingine unaokusanya habari kwa siri. Baadhi zilirudishwa baada ya kuusafisha. Na mwezi Januari 2024 FTC iliamuru X-Mode na mrithi wake Outlogic wasiuze tena habari za watu kufika mahali nyeti, na nyumba za ibada zikatajwa miongoni mwake.

Wapi programu ya kusaka majasusi iliyowaambia Waislamu hao kwamba wanauzwa? Kwa kawaida programu hizo humtafuta aliyevunja dirisha. Aliyepita mlangoni kwa kubonyeza "kubali" humwona kuwa mgeni wa mwenye nyumba. Kwa hiyo nyumba yaweza kupata jibu la "vitisho 0" kutoka kwa programu tatu tofauti, na bado ikawa inauzwa kila baada ya adhana.

NA SISI WENYEWE JE?

Kuna waume wanaowawekea wake zao programu za siri kusoma ujumbe wao, na kuna wake wanaofanya vivyo hivyo kwa waume. Hapa pia walinzi wametofautiana. Kwa miaka mingi baadhi ya programu za ulinzi ziliziona zana hizi za upelelezi kuwa bidhaa za halali za kuuzwa, zikawa hazitoi onyo la maana. Kaspersky ilianza kutoa onyo la wazi juu yake mwezi Aprili 2019, na mwezi Novemba mwaka huo ukaanzishwa umoja wa kupambana nazo, Coalition Against Stalkerware.

Makampuni yakihitalafiana, sisi hatuna hitilafu. Kumlea mtoto kwa uwazi, akajua kwamba baba na mama wanaangalia anachofungua, ni malezi. Kumpeleleza mwenzio wa ndoa kwa siri ni lile lile lililokatazwa katika Al-Hujurat. Mtu hawezi kulalamika juu ya majasusi wa ng'ambo huku ameleta jasusi wake mwenyewe chumbani.

WANAYOTUJIBU

Wako wanaosema: "Sina siri, wanichunguze watakavyo." Tunawaambia: siri za nyumba si zako peke yako. Mna za mama watoto, za binti yenu, za jirani aliyekutumia picha ya matokeo ya hospitali, na za ndugu aliyekutumia namba yake ya Lumicash. Hizo ni amana, na mwenye kupewa amana hana ruhusa ya kuisamehe kwa niaba ya mwenyewe.

Wako wanaosema: "Programu nzuri ni ghali, kijana wa flashi ananiwekea iliyovunjwa kufuli." Kwanza, huo ni wizi wa jasho la mtu, na hauhalaliki kwa kuwa mwenyewe yuko mbali. Pili, ni ujinga. Mara nyingi huyo kijana huanza kwa kuzima ulinzi uliopo ili hiyo kreki iingie. Umemlipa mtu amfunge mlinzi kamba, kisha akuletee mgeni usiyemjua akalale ndani.

Na wako wanaosema: "Mimi si mtaalamu." Hatukuambii uwe mtaalamu. Hukuwa daktari, na bado ukipewa dawa ya mtoto unauliza ni ya nini. Uliza hivyo hivyo hapa.

LA KUFANYA NYUMBANI

1. Mlinzi wa mlangoni awe mmoja. Windows 10 na 11 zina Microsoft Defender ndani yake bila malipo. Programu mbili zikikesha pamoja huvutana na kuichosha kompyuta. Ya pili iwe ya kuitwa mara moja moja kwa ukaguzi.

2. Ukitaka kulinganisha, sasisha programu zote siku moja, futa kuki kwanza, kisha ukague kompyuta nzima kwa kila programu. Usifute wala kufungia chochote mpaka zote zimalize.

3. Andika katika daftari: jina la programu, tarehe, aina ya ukaguzi, jina la kilichopatikana na mahali kilipo. Makampuni huviita vitu hivyo kwa majina tofauti, lakini faili inayotajwa ina mahali pake. Linganisha mahali, si idadi.

4. Faili ile ile ikitajwa na walinzi wenye injini tofauti, shuku kwa nguvu. Ikitajwa na mmoja tu, hakikisha kabla ya kutenda. Tovuti ya VirusTotal, iliyoanzishwa Hispania mwaka 2004 na kununuliwa na Google mwaka 2012, huipitisha faili moja mbele ya injini zaidi ya 60. Lakini usipeleke huko nyaraka wala picha za familia, kwa sababu kinachopelekwa huweza kuonekana na wengine.

5. Fungia kwanza katika karantini, usifute papo hapo. Aliyefungiwa kwa makosa hutolewa, aliyefutwa harudi kwa urahisi.

6. Pakua programu kwa mwenyewe aliyeitengeneza, si kwa tangazo lililokurukia. Kabla ya kuchagua, soma majaribio ya wasiouza programu hizo, kama AV-TEST ya Magdeburg, Ujerumani, na AV-Comparatives ya Innsbruck, Austria.

7. Ikithibitika kwamba aliyeingia ni mwizi wa nywila, badilisha nywila zote kwa kutumia chombo kingine kilicho safi. Kumtoa mwizi hakurudishi ufunguo alioukopi.

8. Kompyuta zilizotumika zinazotoka Ulaya na Dubai zisiaminiwe mpaka zisakinishwe upya. Na mjue kwamba muda wa kawaida wa Windows 10 kuhudumiwa na Microsoft ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025. Mlinzi hodari hawezi kuziba ukuta uliobomoka.

9. Mara moja kwa mwezi, kaeni na watoto mpitie ruhusa za simu: nani anajua mahali tulipo, nani anasikia kipaza sauti, nani anaona picha. Isiyohitaji ruhusa hiyo, inyang'anyeni. Nyakati za swala zinaweza kuhesabiwa kwa kuchagua jina la mji tu.

Ndugu zetu, mtoto anayemwona baba yake akiamini nambari kwa sababu ni kubwa atakua akiamini kila habari kwa sababu ina kelele. Na mtoto anayemwona baba akiuliza "nani kasema, kasikia wapi, ananufaika na nini?" amefundishwa adabu itakayomlinda mbele ya kioo cha kompyuta na mbele ya watu. Hiyo ndiyo kazi yetu sisi wazazi na walimu, na hakuna programu itakayotufanyia.

Tunamuomba Allah (S.W.) azisitiri nyumba zetu, awahifadhi watoto wetu na atujaalie kuwa wachunga wema wa tuliokabidhiwa. Amin.